Mumiani Hana Huba

Ijumaa moja, baada ya sala ya isha, nilikaa na shangazi yangu katika sebule ya nyumba yetu ya Tanga, yeye akiwa na umri uliopita miaka 80 na akili ingali timamu kuliko ya wengi tulio wadogo wake, tukaitazama sinema ya Mjerumani Werner Herzog iitwayo Nosferatu: Phantom der Nacht, ambayo ilitoka mwaka 1979 na ambayo kwa muda mrefu nilikuwa nimesoma habari zake bila ya kujaaliwa kuiona. Ni sinema ya mnyonya damu. Lakini yeyote atakayeiendea kwa kutaraji mayowe na mapanga atatoka kama alivyoingia, kwani mtungaji wake ameijaza ukungu, majabali, maji yapitayo kimya chini ya madaraja, na muziki wa sauti za watu zinazopanda taratibu mithili ya maombolezo, na katikati ya mandhari hayo amemweka bwana mmoja mwenye kipara, mweupe kama nta, masikio yake kama ya popo na kucha zake ndefu, ambaye msiba wake mkubwa si kiu ya damu bali ni kwamba hawezi kufa na hapana kiumbe ampendaye.

Bwana huyo, aliyeigizwa na Klaus Kinski, anaishi peke yake katika ngome ya milima ya Transylvania, akajiwa na Jonathan, karani wa dalali, aliyesafiri kutoka mji wa Wismar ili kumuuzia nyumba. Na ilipomwangukia machoni picha ndogo ya Lucy, mke wa karani, huba ikamshika papo hapo, akaitia saini hati ya mauzo bila ya kuuliza bei, akapanda jahazi na majeneza yake yaliyojaa udongo na panya, na tauni ikaingia mjini pamoja naye. Lucy, ambaye ni Isabelle Adjani, alisoma kitabuni kwamba mwanamke mwenye moyo safi akimshika mnyonya damu ubavuni pake mpaka jogoo awike, nuru ya asubuhi itamuua, naye akajitoa: akamwita chumbani, akampa shingo yake, na kila alipotaka kuinuka akamvuta tena kwa mkono wa upole, hata jua likawakuta, mmoja amekufa na mwingine anakufa.

Shangazi, niliyekuwa nikimtafsiria maneno, alinyamaza mpaka mwisho. Kisha akajitanda vizuri kanga yake, akaniuliza, "Na huyu ndiye mumiani wa Wazungu?" Nikamjibu kuwa ndiye, au aliye karibu naye kuliko wengine. Akatikisa kichwa. "La, mwanangu. Huyu ana huba. Mumiani hana huba. Mumiani ana gari."

Maneno hayo yalinikeshesha. Nami kwa kuwa nimeshughulika miaka kadha wa kadha na historia ya maneno ya pwani yetu, na nilikwisha kujua kwamba neno mumiani lina safari ndefu kuliko ya jahazi lolote lililotia nanga bandarini petu, niliona kuwa sinema ile na kauli ile ya mwanamke mzee ni ncha mbili za kamba moja, na kamba yenyewe ni biashara, tena biashara ya kweli, iliyokuwa na mizani na wanunuzi.

Sinema inaanza kwa maiti. Kabla hajatokea mtu wa kusema neno, kamera inapita polepole mbele ya safu ya watu waliokauka, vinywa wazi, mikono imekunjwa kifuani, na miongoni mwao wamo watoto wachanga. Hawakutengenezwa na fundi wa sinema: ni maiti wa kweli wa mji wa Guanajuato, Meksiko, ambako tangu miaka ya 1860 wenye mamlaka walitoza kodi ya kaburi, na maiti ambaye jamaa zake walishindwa kuilipa alifukuliwa; baadhi yao walikutwa wamekauka badala ya kuoza, wakahifadhiwa, na hatimaye wakawa maonyesho ya kulipiwa kiingilio, na desturi ile ya kufukua ikaendelea mpaka ilipokomeshwa mwaka 1958. Sijui mwingine angelianzaje sinema ya mahaba, lakini naona Herzog alipata shabaha, maana maiti mkavu aliyegeuzwa mali ndiye babu wa mnyonya damu, wa kwao na wa kwetu.

Asili ya neno ni Uajemi. Mum, kwa Kiajemi, ni nta. Na mumiya ni lami nyeusi itokayo katika nyufa za majabali, hasa katika jimbo la Fars, ambayo tangu kale matabibu waliitia katika dawa za mifupa iliyovunjika, za majeraha na za maumivu ya ndani, na Ibn Sina mwenyewe aliitaja miongoni mwa dawa zake. Lami hiyo ilikuwa adimu na ghali. Ama huko Misri, ndani ya matumbo na mafuvu ya maiti wa kale waliopakwa dawa wasioze, palikutwa kitu cheusi chenye kufanana nayo, watu wakakitoa na kukiuza kwa jina lile lile. Tabibu Abdullatif wa Baghdad, aliyezuru Misri kuanzia mwisho wa karne ya 12, ameandika kuwa mumia ya kweli ni ile ishukayo milimani, na kwamba hii ya maiti huchukuliwa badala yake tu. Naye akasimulia kwamba alinunua mafuvu matatu yaliyojaa kitu hicho kwa nusu dirhamu. Bei hiyo inaonyesha kuwa mali ilikuwa tele na kwamba hapana aliyestaajabu.

Vitabu vya matabibu wa Kiislamu vilipofasiriwa kwa Kilatini, wasomaji wa Ulaya walilipokea neno bila ya kuijua lami, wakaamini kwamba dawa ni maiti mwenyewe. Kosa la tafsiri likawa biashara ya karne nyingi. Wauza dawa wa Paris, London na miji ya Ujerumani waliweka mumia katika mitungi, wakaisaga unga, wakaipima kwa mizani, na wagonjwa wakaimeza kwa divai. Mfalme Francis wa Kwanza wa Ufaransa alikuwa akichukua kifurushi cha mumia kila aendako, imechanganywa na mzizi wa mmea wa rhubarb, ili akianguka farasini awe nayo karibu. Na kwa kuwa Mafirauni na raia zao hawakuwatosha walaji wote, wafanyabiashara wa Misri wakaanza kuwakausha maiti wa karibuni. Daktari wa upasuaji Ambroise Paré, aliyewatumikia wafalme wanne wa Ufaransa na aliyeandika mwaka 1582 kuilaani dawa hiyo kwamba haifai kitu, alisimulia habari za tabibu mwenziwe, Guy de la Fontaine, ambaye mwaka 1564 alifika Iskandaria na kuonyeshwa ghala la mfanyabiashara mmoja lenye maiti 30 au 40. Na alipouliza ni wa zama gani, mwenye mali akacheka, akamwambia kuwa amewatengeneza yeye mwenyewe, watumwa na wengineo, wala haulizi walikufa kwa maradhi gani, bali anachostaajabia ni kwamba Wakristo, watu wateuzi wa chakula, hula miili ya wafu.

Namwomba msomaji asipite haraka hapa. Watumwa, yaani watu wasiokuwa na jamaa wa kuwadai wala wa kuwazika, walikaushwa, wakasafirishwa kuvuka bahari, na wakaliwa kama dawa na watu wenye heshima zao. Hilo si uvumi. Limeandikwa na daktari wa wafalme. Wala damu mbichi haikuachwa. Katika nchi za Kijerumani na Denmark, mpaka ndani ya karne ya 19, wagonjwa wa kifafa walisimama chini ya jukwaa la mnyongaji na vikombe mikononi, wakingoja damu ya aliyekatwa kichwa, na Hans Christian Andersen, mwandishi wa ngano za watoto, alishuhudia jambo hilo alipokuwa mwanafunzi. Wachoraji nao walisaga maiti kupata rangi ya kahawia, na ni Mwingereza Edward Burne-Jones aliyepata uchungu siku moja ya mwaka 1881 alipotambua rangi yake imetoka wapi, akachimba shimo bustanini akaizika, kitendo ambacho mimi nakihesabu miongoni mwa maziko ya heshima. Hata mwaka 1924, orodha ya bei ya kampuni moja ya dawa ya Ujerumani ilikuwa ingali ikitangaza mumia halisi ya Misri kwa kilo.

Mwaka 1924! Miaka miwili kabla, tarehe 4 Machi 1922, mji wa Berlin ulikuwa umeonyeshwa kwa mara ya kwanza sinema ya F. W. Murnau, Nosferatu ile ya awali isiyo na sauti, ambayo Herzog aliirudia kwa taadhima. Ni sinema ambayo mjane wa mwandishi Bram Stoker aliishtaki kwa kuwa imeiba kisa cha marehemu mumewe, mahakama ikahukumu mwaka 1925 kwamba nakala zake zote ziteketezwe, na ikasalimika kwa nakala zilizokuwa zimekwisha kutoka nje. Basi watu wale wale waliolipa kiingilio kumwogopa bwana wa Transylvania wangeweza, wakitoka hapo, kuagiza maiti kwa uzito. Walikwisha kusahau. Na naona huko ndiko mnyonya damu wao alikopatia uzuri wake.

Kwani hakuwa mzuri tangu mwanzo. Mnyonya damu wa wakulima wa Serbia, ambaye madaktari wa jeshi la Austria waliandika ripoti juu yake mwaka 1732 baada ya kufukua makaburi ya kijiji cha Medveđa, alikuwa mwanakijiji tu, aliyefura, mwekundu wa uso, asiye na ngome wala joho, na hakumpenda mtu: aliwajia jamaa na majirani zake usiku akawaua. Alipata ubwana mwaka 1819 mikononi mwa John Polidori, tabibu wa mshairi Byron, aliyemtia katika hadithi kama mtu wa ukoo bora aingiaye katika majumba ya wakubwa. Stoker akampa ngome mwaka 1897. Na waliofuata wakamwongezea upweke, majuto na mashairi, mpaka akafika kwa Kinski, anayeomba kupendwa kwa sauti ya mgonjwa aombaye maji. Kila hatua aliyopanda, msimulizi alikuwa mbali zaidi na woga. Mkulima wa Medveđa aliyemzika mkewe hakuwa na nafasi ya kumhurumia aliyemuua. Huruma hiyo ni ya mtu aliyekaa sebuleni, mlango umefungwa.

Ama sisi tulilipokea neno kwa njia nyingine. Lami ile ya Uajemi ilivuka bahari pamoja na tende, mazulia na maji ya waridi, ikafika Bara Hindi na ikafika kwetu, na popote ilipofika ilifuatwa na shaka, kwamba kitu cheusi cha namna hii, chenye nguvu ya kuunga mfupa, hakiwezi kuwa kimetoka jiweni. Bara Hindi, mwishoni mwa karne ya 19, mwandishi William Crooke aliandika kwamba watu waliamini serikali inawaning'iniza watoto kichwa chini juu ya moto ili itoke momiai vichwani mwao, na kwamba hospitali ziliogopwa kwa sababu hiyo. Na katika kamusi ya Kiswahili iliyohaririwa na Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, mumiani imeelezwa kuwa ni kitu cheusi mithili ya utomvu, kitumiwacho kwa kukakamaa mwili, homa na mifupa iliyovunjika, kisemwacho kuwa chatoka Uajemi. Kisha mwandishi akaongeza kuwa wenyeji wengi huamini ni damu ya watu waliouawa, na kwamba uvumi ukizuka kuwa mumiani yatafutwa, mji mzima huingiwa na fazaa na ni nadra mtu kutoka nyumbani baada ya magharibi. Kamusi si mahali pa kusimulia khofu za watu. Hii ilisimulia, kwa kuwa maana ya neno isingetimia bila ya khofu hiyo.

Ndipo dawa ikageuka mtu. Katika zama za ukoloni mumiani hakuwa tena kitu cha dukani, alikuwa ni yule akitafutaye, na alivaa sare. Nairobi aliitwa mzimamoto, kwa kuwa kikosi cha zimamoto kilikuwa na gari jekundu, kengele, mipira mirefu na watu waliokesha bila ya kazi iliyoonekana. Kampala alipewa jina hilo hilo kwa lafudhi ya huko. Kongo ya Wabelgiji akawa mutumbula. Mwanahistoria wa Marekani Luise White, aliyewasikiliza wazee wa Kenya na Uganda na kutoa kitabu chake Speaking with Vampires mwaka 2000, alikataa kuwauliza kama hayo yalikuwa kweli au uongo, akauliza yalikuwa yakisema nini; nami naafikiana naye, ingawa yeye alikuwa mgeni na mimi nililelewa ndani ya khofu hiyo.

Kwani bibi yangu, mama yake shangazi, jua likizama alisimama mlangoni akatuita majina mmoja mmoja, nasi tukaingia, na asiyeingia aliambiwa neno moja tu. Shangazi anakumbuka zaidi. Anakumbuka lori lililosimama barabarani taa zimezimwa, akiwa msichana, na wanawake waliokuwa wakirudi kisimani wakazitupa ndoo wakakimbia; anakumbuka pia usiku ambao watu wa afya walikuja mtaani kutoa damu kwa sindano, na babu akakataa kufungua. Hili la usiku lina sababu yake, ambayo nadhani hakuna aliyemweleza babu: vimelea vya matende na mabusha hujificha ndani ya mwili mchana, na huja katika damu ya karibu na ngozi usiku tu, baina ya saa nne na saa nane, hata daktari anayevitafuta hana budi kugonga mlango wa mtu wakati huo. Daktari alikuwa mkweli na dawa yake ilikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyelipishwa kodi ya kichwa, akapelekwa kazi kwa amri, na mwanawe akachukuliwa vitani asirudi, anagongewa usiku wa manane na wageni wenye taa wanaotaka damu yake, nao hawamwambii ya nini; ni kwa hoja gani angeliwaamini?

Simaanishi kwamba walinyonya. Wazimamoto hawakunyonya damu ya mtu, na imani hiyo imeua. Mwezi wa Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wawili wa kilimo kutoka Arusha, waliokuja kuchukua sampuli za udongo, waliuawa pamoja na dereva wao na gari lao likachomwa moto, kwa kudhaniwa wanyonya damu. Na mwaka uliofuata, kusini ya Malawi, watu kadhaa waliuawa kwa dhana hiyo hiyo. Walikuwa na watoto na wazazi, nao walikufa kwa ajili ya neno. Mwenye kuiandika historia ya mumiani akawasahau hao, kalamu yake haina amana.

Nilimrudia shangazi asubuhi, nikamwambia yote haya, ya lami, ya mafuvu matatu kwa nusu dirhamu, ya wagonjwa na vikombe vyao. Hakushangaa sana. Alichotaka kujua ni juu ya yule mwanamke, Lucy, kwa nini alikwenda peke yake. Nikamkumbusha kuwa alikwisha kuwaendea wakubwa wa mji na daktari wakakataa kumsadiki, na kwamba alipopita uwanjani aliwakuta watu walioambukizwa tauni wamekaa mezani katikati ya panya, wanakula karamu yao ya mwisho kwa furaha. Akasema, "Basi huyo ndiye wa kwetu. Yule bwana sijawahi kumwona, lakini yeye namjua: anagonga mlango, anasema kuna jambo, na wakubwa wanamwambia hakuna."

Nikaitazama sinema mara ya pili, peke yangu, kwa jicho hilo alilonipa, na nakiri kwamba huzuni ya Kinski ilinishika tena, wala sioni aibu kuisifu. Ni kazi kubwa, na pale anapouweka mkono wake wenye kucha juu ya mwili wa Lucy, kana kwamba hajui mkono hutumiwaje kwa upole, hapana sinema nyingine niijuayo iliyousema upweke kwa uchache wa maneno hivyo. Lakini bwana huyo ana jina, ana nyumba, ana uso, na mwanamke mmoja shujaa aweza kumzuia hata kukapambazuka. Mumiani hakuwa na uso. Alikuwa ni gari, sare, saa ya usiku na kazi aliyotumwa na mtu asiyeonekana, na mwanamke gani angemshika gari ubavuni mpaka jogoo awike? Kwa hiyo haukutungwa wimbo wa mahaba juu yake, na naona hautatungwa.

Wewe msomaji uliye na mzee nyumbani, Tanga, Mombasa, Nairobi, Kampala au Lubumbashi, muulize gari lilikuwa la rangi gani, lilisimama wapi, watu waliingia ndani saa ngapi na nani aliyewaita. Na akikujibu, andika kwa maneno yake mwenyewe, na usimsahihishe.